Kabla ya meza palikuwa na chano

MSOMAJI mmoja wa safu hii, fundi wa mbao kwa maelezo yake mwenyewe, amenitumia swali ambalo nimetembea nalo kwa majuma mawili. Anasema wateja wake siku hizi hawataki vitanda na makabati pekee. Wanataka vijisanduku vya mbao vya kuweka juu ya meza wageni wanapokuja: kimoja chenye vyumba vidogo vya vijiko, uma na visu, kingine cha kupangia vikombe na chupa ya chai, kingine cha chumvi, pilipili na karatasi za kupangusia mikono. Mteja hukiita ‘organaiza’. Fundi naye hukiita organaiza, maana mwenye pesa ndiye mwenye lugha. Sasa anataka kuandika bango la karakana yake kwa Kiswahili, naye ananiuliza: Profesa, kitu hiki kinaitwaje?

Ningeweza kumjibu kwa neno moja tukamaliza. Lakini swali lake lina mizizi mirefu kuliko anavyodhani, na mizizi hiyo inagusa jambo ambalo wengi wetu tumelimeza bila kulitafuna, yaani dhana kwamba ustaarabu wa kumwandalia mgeni chakula kwa mpangilio tuliletewa pamoja na meza.

Basi tuanze na meza yenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupenda kunieleza, tena kwa yakini ya kutisha, kwamba meza imeitwa hivyo kwa sababu ndipo watu wanapomezea chakula. Maelezo matamu, ila si kweli. Kitenzi ‘meza’ ni chetu, cha Kibantu. Nomino ‘meza’ ni mgeni aliyekuja kwa bahari. Yamefanana sauti tu. Wanaisimu wengi huirejesha nomino hii kwa Kireno, mesa, ambayo nayo ni mtoto wa mensa ya Kilatini. Wapo wanaotukumbusha kwamba Kiajemi nacho kina mez, na kwamba neno hilo lilienea hadi Bara Hindi, ambako mabaharia wetu walikuwa wakienda na kurudi. Mimi naegemea upande wa Kireno, kwa sababu meza haikuja peke yake. Inaonekana imesafiri pamoja na kasha, kopo, mvinyo, leso na bendera, msafara mzima wa vitu vya nyumbani na vya melini.

Wareno walitia nanga Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na wakaipoteza mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu. Miaka 200 si haba. Neno lao likabaki, likapanda bara pamoja na misafara na misheni, ndiyo sababu Mkikuyu leo anasema metha na Mjaluo anasema mesa. Wote wamelipata kwa mkono wa Mswahili.

Linganisha sasa meza na kiti. Kiti hakikutoka popote. Ni ule ule mzizi wa mti: mti, kijiti, uti, kiti. Mkikuyu ana mũtĩ na gĩtĩ. Yaani babu zetu walikata mti, wakauchonga, wakaukalia, na lugha ikaandika kitendo hicho ndani ya jina. Kwa hiyo tuna kiti cha asili na meza ya kuazima. Hapa ndipo wengi huteleza. Husema: kama neno meza ni la kuazima, basi kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wakila chini, ovyo ovyo, kila mtu na chungu chake. Hoja hii nimeisikia ikitolewa na watu wenye shahada nyingi. Ni hoja mbovu. Neno la kuazima huthibitisha kwamba kitu fulani kilikuja na umbo jipya. Halithibitishi kwamba kabla yake palikuwa na utupu.

Ushahidi upo, na una tarehe. Mwaka 1331 msafiri wa Kimorocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu akiwa njiani kuelekea Mombasa na Kilwa. Hiyo ni miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kuiona pwani hii. Kumbukumbu zake za safari alizisimulia baadaye akiwa Fez, zikaandikwa na Ibn Juzayy na kukamilika mnamo 1355, na bila shaka miaka yote hiyo katikati ilimfuta mengine akilini. Lakini watu husahau majina ya masultani kabla ya kusahau walivyolishwa. Na huyu bwana alilishwa, akakumbuka.

Tazama utaratibu aliokutana nao. Ilikuwa desturi ya mji kwamba mgeni mwanachuoni hapumziki popote kabla hajaonana na sultani, ambaye wakati huo alikuwa Abu Bakr bin Umar. Kadhi akamchukua hadi huko. Ikaletwa sahani yenye majani ya tambuu na popoo, akapewa yeye na kadhi kwa hesabu, iliyobaki wakapewa wanafunzi na wenzake. Kisha akamiminiwa marashi ya waridi kutoka Dameski. Halafu ikatoka amri akapangishwe katika nyumba ya wanafunzi. Chakula kilipoletwa kutoka kwa sultani, kililetwa na waziri ambaye kazi yake hasa ilikuwa kushughulikia wageni. Nakuomba, msomaji, usipite hapo haraka. Mji wa pwani ya Afrika Mashariki, karne ya 14, ulikuwa na ofisi nzima ya mapokezi ya wageni. Leo tuna wizara ngapi zenye kujua mgeni atakula nini?

Sasa chakula. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli, umewekwa katika sahani kubwa ya mti. Juu ya wali huo zikapangwa sahani nyingine ndogo zenye vitoweo: kuku, nyama, samaki, mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, zikiwa katika chombo chake; na maziwa ya mgando katika chombo kingine, yakiwa na malimau ya achari, pilipili za kutiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Ibn Battuta anaeleza kwamba mtu alikuwa akila tonge la wali, kisha anafuatisha kitu katika vile vikali na vichachu. Anaongeza, kwa mshangao wa mtu aliyeshindwa kumaliza sehemu yake, kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao. Siku tatu mfululizo alipelekewa chakula, mara tatu kwa siku.

Ukiitazama picha hiyo kwa jicho la fundi wetu, utaona jambo. Kipo chombo kimoja kipana cha mti kinachobeba kila kitu. Ndani yake vipo vyombo vidogo, kila kimoja na kitu chake, kisichanganyike na cha jirani. Vyote hufika mbele ya mgeni kwa pamoja, kwa mpango unaojulikana, ili mkono wake ujue pa kwenda. Kama hiyo si organaiza, sijui organaiza ni nini.

Alipofika Mombasa alilala usiku mmoja tu, na kuhusu chakula alisema machache: ndizi na samaki, nafaka huletwa kutoka kwingine. Lakini kuna kitu cha mti alichokiona pale ambacho wanahistoria hukipita kwa kasi. Milangoni mwa misikiti, misikiti yenyewe ikiwa ya mbao zilizojengwa imara, palikuwa na visima vifupi vya dhiraa moja au mbili. Watu walichota maji kwa kikombe cha mti kilichochomekwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Mtu yeyote aliyekulia pwani atakitambua mara moja. Ni kata, ingawa kata aliyoizoea bibi yake ilikuwa ya kifuu cha nazi. Kifaa kidogo, kimebuniwa kwa ajili ya mtu yeyote anayefika, awe mwenyeji au mpita njia, asitumbukize mkono wake katika maji ya wote. Huo pia ni mpangilio.

Neno alilotumia Ibn Battuta kwa sahani ile ya mti ni la Kiarabu, kwa kuwa aliandikiwa kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili tunacho kifaa cha ukoo huo huo, na jina lake ni chano. Wingi wake vyano. Ni sinia la mti, aghalabu la duara, lenye ukingo mfupi kando, na wakati mwingine lenye miguu mifupi chini iliyochongwa kutoka katika gogo lile lile. Likiwa na miguu ni meza ndogo. Likiwa halina ni sahani kubwa. Chano kilisimama katikati ya vitu viwili ambavyo leo tunavitenganisha, trei na meza, kikafanya kazi ya vyote viwili. Tena umbo la neno lenyewe limevaa nguo za nyumbani: ki- mbele ya irabu hugeuka ch-, vi- hugeuka vy-, kama tunavyosema chombo na vyombo, chakula na vyakula. Chano kimekaa katika ngeli ya KI-VI kama mzaliwa, si kama meza, ambayo ilitupwa katika ngeli ya I-ZI pamoja na wageni wengine wengi.

Kukitengeneza si jambo la siri, ila linataka subira. Hutafutwa mti wenye shina pana, usio na harufu kali wala utomvu, kwa sababu wali wa moto hunyonya harufu kama pamba inavyonyonya maji. Hukatwa kipande kinene, kikaachwa kivulini kikauke polepole. Kikikaushwa juani hupasuka, na chano kilichopasuka hakimwandalii mtu. Umbo la nje hutolewa kwa shoka dogo na tezo. Kisha upande wa juu huchimbwa kwa tezo na patasi, fundi akiacha ukingo wa vidole viwili au vitatu kandokando. Ugumu wote uko hapo kwenye ukingo. Ukiwa mrefu mno, mkono wa mlaji hugonga; ukiwa mfupi mno, mchuzi humwagika kwenye nguo ya mgeni, na hiyo ni aibu ya mwenye nyumba. Sehemu ya ndani ilisuguliwa hadi ikawa laini kabisa, maana kibanzi kimoja katika tonge la mgeni kingesimuliwa mtaani kwa miaka.

Neno hili lina maana ya pili ambayo huwafurahisha wanafunzi wa semantiki. Mwashi naye ana chano chake: kibao cha kubebea chokaa au udongo wa kujengea. Sioni ajabu. Kwa mwashi na kwa mpishi kazi ni moja, kuleta kitu laini, kizito, chenye kumwagika, mpaka pale kinapohitajika, kikiwa kimekusanyika. Tena mwashi yule yule ndiye aliyejenga nyumba za mawe za Lamu na Pate, na nyumba hizo nazo ziliumbwa kwa kumfikiria mgeni. Nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe vya kukalisha wageni wasioingia ndani. Kuna sabule, chumba cha mgeni anayelala, kilichotengwa asiingiliane na maisha ya wanawake wa nyumba. Na ndani kabisa kuna zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, vya kuwekea vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi kuomboleza kuanguka kwa Pate, miongoni mwa vitu alivyovitaja ni vishubaka hivyo vya sahani, vikiwa sasa makao ya ndege. Mshairi alijua anachokifanya. Nyumba isiyo na sahani katika kidaka ni nyumba isiyotarajia mgeni.

Vitenzi vya kuandaa navyo vinasema mengi. Tunapakua chakula, kinyume cha kupakia, kana kwamba sufuria ni jahazi na wali ni shehena inayoteremshwa. Tunatandika busati au mkeka. Tunatenga chakula, na kutenga huko ni kuweka tayari na papo hapo ni kuweka kila kitu mbali na kingine. Ukinilazimisha nitaje kitenzi kimoja kinachoeleza kazi ya vijisanduku vya msomaji wetu, nitataja hicho.

Chano kilianza kupoteza nafasi yake lini? Ilitokea hatua kwa hatua, na aliyeanza kukisukuma hakuwa Mzungu. Alikuwa sinia. Neno hili ni la Kiarabu, na ndani yake limeficha jina la Uchina, kwa sababu hapo kale lilihusu vyombo vya huko. Kwetu likaja kumaanisha sahani pana ya madini: ya shaba kwa wenye uwezo, na baadaye ya bati na ya aluminiamu kwa kila mtu. Sinia lilikuwa na ubora wake, tusilionee. Ni jepesi kuliko gogo. Linaoshwa kwa haraka, halinyonyi harufu, halipasuki, halina msimu wa kutafutiwa mti. Tena linang'aa, na lilibeba heshima ya kitu kilichovuka bahari. Pamoja nalo yakaja majina mengine ya Kiarabu yaliyojaa jikoni kwetu: sahani, birika, bilauri, sufuria. Chano kikasukumwa nyuma, kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwa mwashi.

Lakini angalia jambo moja. Sinia lilipokuja, ulaji haukubadilika. Watu wanne au watano waliendelea kukizunguka chombo kimoja, kila mmoja akila upande wake, nyama ikiwa katikati na adabu ikimzuia mwenye mkono mrefu. Jina lilikuwa la kigeni na mali ilikuwa ya kigeni, ila mpango ulibaki wa chano. Mpaka leo sinia la pilau la harusi Mombasa au Lamu linafuata sheria ambazo Ibn Battuta angezitambua, achari na ndizi zikiwa pembeni vile vile.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na shule. Kituo cha misheni cha Freretown, kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani, kilifundisha useremala pamoja na dini. Kabete, mnamo miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilikuwa na kituo cha kuwafunza vijana Waafrika ufundi, useremala ukiwamo. Jirani hapo, tangu mwaka 1925, ilikuwapo Jeanes School, ambako walimu wa vijijini walifunzwa na wake zao nao wakapewa mafunzo ya maarifa ya nyumbani. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952 kiliendeleza masomo ya aina hiyo. Sitaki kuyabeza mafunzo hayo. Mafundi wengi waliolijenga taifa hili walianzia huko, na akina mama wengi walipata humo ujuzi uliosomesha watoto. Lakini lugha yake ilikuwa na dhana iliyojificha ndani. Mezani palifunzwa kama mahali pa ustaarabu, na mkekani kama mahali pa kuacha nyuma. Trei, kabati, stuli na gilasi vikaingia Kiswahili kupitia mlango huo. Hakuna aliyemwambia mwanafunzi wa useremala kwamba trei anayoipiga randa ni mjukuu wa kitu ambacho watu wa pwani walikichonga kabla ya randa hiyo kufika.

Kuna mkondo mwingine wa historia hii ambao haukupitia darasani. Huko Wamunyu, Ukambani, sanaa ya uchongaji wa kuuza inahusishwa na Mutisya wa Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kazi za wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ujuzi mpya. Kutoka kwake ilikua kazi iliyowalisha maelfu ya watu, hadi Mombasa na Nairobi. Wachongaji hao hawakuchonga twiga na vinyago tu. Walichonga bakuli za matunda, miiko ya kachumbari yenye vichwa vya wanyama, visahani vya karanga, vyote vya mpingo au vya mzeituni mwitu. Vilikuwa ni vitu vya kumwandalia mgeni. Ila mgeni mwenyewe ndiye aliyevinunua, akaondoka navyo, na leo vimetandazwa katika meza za London na Chicago. Mchongaji aliyevichonga alikunywa chai yake katika kikombe cha plastiki. Nasema hivi bila uchungu mwingi, biashara ni biashara. Nasikitika tu kwamba hata majina ya Kiswahili ya vitu hivyo hayakuandikwa popote kwenye vibandiko vya bei.

Mpingo nao ulikatwa mpaka ukaanza kuadimika. Katika miaka ya 1990 mashirika ya WWF na UNESCO pamoja na bustani ya mimea ya Kew yaliendesha kampeni ya kuwashawishi wachongaji wahamie kwenye miti inayokua haraka: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Kwa fundi wetu hilo bado lina maana. Mwembe ukikauka vizuri hutoa mbao nzuri ya chano. Mwarobaini hauliwi ovyo na wadudu, lakini una uchungu wake. Mimi ningeutumia kwa kupangia vikombe, si kwa kuweka mkate juu yake bila kitambaa.

Na maadamu tumemrudia fundi, tuseme machache kuhusu kazi yake ya leo. Hahitaji gogo. Anahitaji kitako cha mbao nyembamba, papi nne za ukingo, vigawanyo viwili au vitatu, gundi, misumari midogo, na mikono miwili iliyotobolewa pande za mwisho. Kosa ninaloliona katika vingi vya vijisanduku hivi ni kwamba vimetengenezwa kwanza, kisha ndipo mtu akatafuta cha kutia. Gilasi haziingii, au zinaingia zikicheza na kugongana. Mchongaji wa zamani alianza na chakula na idadi ya walaji, ndipo akachagua gogo. Pima kwanza kikombe, pima chupa ya chai, pima kiganja cha mtu anayebeba, kisha ukate mbao. Pia piga msasa ndani kuliko nje, kwa sababu vidole vya mgeni huingia ndani.

Sasa jina. Kuna wenzangu watakaosema tuunde neno jipya: kipangio, kutokana na kupanga, au kiwekeo, kutokana na kuwekea. Ni maneno yaliyoumbwa kihalali, na sina ugomvi nayo. Kiwekeo kinafaa sana kwa kile kijisanduku cha kusimama, cha karatasi za mikono au cha vijiko. Wapo wengine watakaosema tuiache organaiza ilivyo, kwani meza nayo si ilikuja hivyo hivyo? Hao nawaheshimu zaidi, kwa kuwa hoja yao ina historia. Kiswahili hakijawahi kuogopa kuazima, na anayetaka kukisafisha maneno ya kigeni atabaki bila meza, bila sahani na bila karibu ya kumwambia mgeni. Lakini tuliazima meza kwa sababu lilikuja umbo ambalo hatukuwa nalo, refu, la kukalia viti kulizunguka. Organaiza haikuja na umbo jipya. Imekuja kukaa juu ya kitu ambacho tayari kina jina, na jina hilo bado li hai katika kamusi, ingawa ukimtajia mtoto wa Kidato cha Nne atadhani umekosea kusema kitana.

Ninachokiogopa si wingi wa maneno ya Kiingereza. Neno chano likifa, atakayefundisha historia ya pwani miaka hamsini ijayo atasoma kwa Ibn Battuta kuhusu sahani kubwa ya mti yenye vitoweo juu yake, na hatakuwa na neno la kumwonyesha mwanafunzi kwamba kitu hicho kilikuwa chetu. Atasema ‘trei ya mbao’, na mwanafunzi atauliza, kwa haki kabisa, trei hiyo waliitoa Uingereza mwaka gani.

Kwa hiyo, ndugu fundi, jibu langu ni hili. Kile kipana, chenye ukingo, cha kubebea vikombe au vitoweo, kiite chano: chano cha chai, chano cha viungo, chano cha matunda. Chenye vigawanyo vya uma na vijiko kiite chano cha vijiko, mteja ataelewa akikiona. Kile kinachosimama kiite kiwekeo. Katika bango andika ‘Vyano na viwekeo vya mbao’, na usisahau upatanisho: chano hiki kimepigwa msasa, vyano hivi vimepigwa msasa. Akija mteja akakuuliza organaiza, mwonyeshe, mtajie bei, na umwandikie jina katika risiti.